Timbo Likiisha, Msitu Uwe wa Nani?

(Hotuba iliyotolewa na mzee mmoja mstaafu mbele ya mkutano wa tawi la wafanya kazi wa machimbo. Tumeipiga chapa kama alivyoisema, kwa ajili ya ndugu waliokuwa zamu siku ile.)



Mimi si msomi wala si bwana miti. Nimepiga jiwe miaka 22, kwanza kwa nyundo na mtaimbo, halafu kwa mashine ya kutoboa mwamba, na masikio yangu yameharibika kwa kazi hiyo. Kwa hivyo mkiniuliza jambo baadaye, tafadhali semeni kwa nguvu kidogo.

Katibu ameniomba niseme juu ya kupanda msitu mahali palipokwisha kazi ya machimbo na viwanda. Nimewasikia wengine hapo nyuma wakinong'ona: "Tuna shida ya mishahara, na huyu mzee anatuletea habari za miti." Ndugu zangu, mna haki ya kunong'ona. Lakini nisikilizeni kwanza, kisha mkate shauri wenyewe. Nitaanza na jambo baya, na ubaya huo ni wangu mimi.

JAMBO TULILOSAHAU KUANDIKA

Timbo nililofanyia kazi sitalitaja jina, wala mwenyewe sitamtaja. Lilipokwisha jiwe zuri, tajiri alitwambia kwamba baada ya miezi mitatu kazi itafungwa. Mimi nilikuwa mmoja wa kamati iliyokaa naye mezani. Tulibishana siku nyingi. Tulipata kiinua mgongo, tulipata malipo ya likizo zilizobaki, tulipata hata nauli kwa wale waliotaka kurudi makwao. Tulipotoka pale wenzetu walitupigia makofi, nasi tukajiona tumeshinda.

Lakini katika mapatano yale, niliyoyatia sahihi kwa mkono huu, hapakuwa na hata mstari mmoja juu ya shimo lenyewe.

Mitambo ikang'olewa, malori ya mwisho yakaondoka, mlinzi akakaa mwaka mmoja, kisha naye akaondoka. Mvua zikaja na shimo likajaa maji. Wengi wetu hatukurudi makwetu, kwa sababu tulikuwa na nyumba zetu pale kando na watoto wetu walisoma pale. Watoto wakaanza kuogelea. Kuta za timbo mnazijua, zimesimama wima, na mtu akiteleza hana pa kushika. Mwaka wa pili tulimtoa mle mtoto wa dereva mwenzetu, umri wake miaka 9. Baba yake alikuwa akimlipia karo kwa kiinua mgongo kile kile tulichompatia sisi wanakamati.

Tulikwenda kuuliza, shimo hili ni la nani? Mwenye ardhi alisema yeye alikodisha tu. Aliyekodi alikuwa amekwisha ifunga kampuni yake. Ofisini tuliambiwa tuandike barua. Tuliandika.

Hii ndiyo sababu nimesimama hapa leo. Sikuja kuwaambia kwamba miti ni mizuri, maana hilo kila mtu alijua. Nimekuja kuwaambia kwamba shimo ni sehemu ya mapatano ya kazi, sawa na viatu na kofia. Na dawa njema ya shimo ni msitu, lakini ni lazima ijulikane mapema msitu huo utakuwa wa nani.

BAMBURI: MITI JUU YA MWAMBA

Mtu atasema kwamba mti hauoti juu ya jiwe. Basi na aende Bamburi, kaskazini ya Mombasa, akaone.

Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza kutoa saruji mwaka wa 1954. Jiwe lake ni la matumbawe, yaliyokuwa ndani ya bahari zamani sana. Lilichimbwa miaka mingi mpaka pakabaki jangwa jeupe lisilo na udongo. Jua lilipiga chini na kurudi usoni, na ukichimba kidogo tu unayakuta maji ya chumvi. Mwaka wa 1971 mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, Bwana René Haller, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ile, alianza kujaribu kuotesha miti pale. Ilijaribiwa miti ya aina 26. Iliyostahimili ilikuwa aina 3 tu: mnazi, mti wa Kisomali uitwao damas, na mvinje.

Mvinje ndugu wa pwani mnaufahamu, maana nguzo zake zimejengea nyumba nyingi. Hauogopi chumvi wala upepo wa bahari. Siri yake iko katika mizizi. Mizizi ile ina vifundo vidogo, na ndani yake hukaa vijidudu wasioonekana kwa macho, ambao huitwaa naitrojeni iliyo hewani na kuufanya kuwa chakula cha mti. Kwa hivyo mvinje huweza kuishi mahali ambapo mti mwingine hufa kwa njaa. Lakini vijidudu hao hawamo katika mwamba mtupu. Hapana budi kuwaleta, na watu wa kitalu huwaleta kwa kuchanganya udongo kidogo uliotoka chini ya mivinje mikubwa.

Basi mivinje ikaota, na hapo ikatokea shida ya pili. Majani yake, yale yaliyo kama sindano, yalianguka chini yakalala, wala hayakuoza. Yana ukali ndani yake, kama ule wa magome yanayotumiwa kutengenezea ngozi, na wadudu wengi hawayataki. Na majani yasipooza, udongo hautoki. Ndipo alipoonekana jongoo, yule mkubwa mwenye miguu myekundu, akiyala majani yale. Majongoo wakaletwa kwa mamia, wakaachwa wale wapendavyo. Kinyesi chao kikaoza, kikawa udongo mweusi. Udongo ulipopatikana ikapandwa miti mingine, ndege wakaja na mbegu zao, nyasi zikaota, na mwishowe wanyama wakaletwa. Wazee walisema mtupa jongoo hutupa na mti wake. Pale Bamburi, mtu angalimtupa jongoo angaliupoteza msitu mzima.

Leo mahali pale panaitwa Haller Park. Watu huenda kutazama twiga na mamba mahali palipokuwa pakilipuliwa baruti. Ni huko alikopelekwa Owen, yule mtoto wa kiboko aliyeokolewa karibu na Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004, akafanya urafiki na kobe aliyeitwa Mzee. Mwaka wa 1987 shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira lilimpa Bwana Haller tuzo yake ya Global 500. Alistahili. Lakini mimi nilipotembea mle niliwafikiria pia wale waliotoboa matundu katika mwamba, tundu moja moja, ili mche upate pa kusimama. Kazi ile naijua uzito wake.

MATHENGE: MTI ULIOKUJA NA SIFA

Hata hivyo nisiwape habari nusu. Mwaka wa 1973 mbegu za mti mwingine ziliagizwa kutoka Brazil na Hawaii, zikaletwa katika machimbo hayo hayo ya Bamburi. Mti huo ndio tunaouita mathenge. Una sifa kubwa: huvumilia ukame, huvumilia chumvi, hukua upesi. Katika miaka ya 1980 ulipandwa Baringo na sehemu nyingine kame ili kuzuia jangwa, na watu wakaupokea kwa furaha.

Mnajua yaliyofuata. Mathenge ulienea mahali ambapo hakuna aliyeupanda. Uliziba malisho, uliziba njia za kwenda mtoni, miiba yake ikachoma watu na ng'ombe, na maganda yake matamu yakaharibu meno ya mbuzi. Mwaka wa 2006 watu wa Baringo waliishtaki Serikali mahakamani kwa ajili ya mti huo.

Hapa pana fundisho. Mti unaomfaa mwenye timbo, kwa sababu ni rahisi na hufunika jiwe upesi, waweza kumharibia jirani maisha yake. Kwa hivyo wakati wa kuchagua miti haitoshi kumwita mtaalamu peke yake. Aulizwe mchungaji mbuzi wake watakula nini. Aulizwe mama anayetafuta kuni, na mwenye mizinga, na mwenye shamba la jirani. Hao ndio watakaoishi na msitu huo baada ya mtaalamu kwenda zake.

WACHIMBA MAKAA WA UINGEREZA

Bamburi imetuonyesha kwamba mwamba waweza kuota mti. Lakini msitu ule ulipandwa na kampuni katika ardhi ya kampuni, na anayetaka kuingia hununua tiketi. Simlaumu mtu. Nilitaka tu kujua kama kuna mahali ambapo watu waliochimba wenyewe walipewa sauti. Mwanangu alinitafutia habari, tukazisoma pamoja, na zimetoka katika nchi ya Uingereza.

Katika mji wa St Helens, kati ya Liverpool na Manchester, palikuwa na mgodi wa makaa ya mawe ulioitwa Sutton Manor. Kazi ya kuchimba shimo lake ilianza mwaka wa 1906. Mgodi ulifungwa mwaka wa 1991, miaka 6 baada ya kwisha ule mgomo mkubwa wa wachimba makaa wa 1984 na 1985, ambao bila shaka wengi wenu mmeusikia. Kilichobaki ni kilima cha mawe na taka za mgodi. Idara ya misitu ikakipanda miti, na leo ni msitu ambao kila mtu huingia bila kulipa, yeye na watoto wake.

Ilipotakiwa kuwekwa sanamu juu ya kilima hicho, wachimba makaa wa zamani waliitwa wakae katika shauri. Fundi aliyechaguliwa, Jaume Plensa wa Hispania, aliwaletea kwanza wazo la taa ya mchimba makaa. Wazee wale hawakuridhika. Walitaka kitu kinachotazama mbele, kwa ajili ya wale watakaozaliwa. Fundi akarudi kufikiri tena, na mwaka wa 2009 ikasimamishwa sanamu nyeupe ya kichwa cha msichana aliyefumba macho, urefu wake mita 20, na jina lake ni Ndoto. Mimi juu ya sanamu siwezi kutoa hukumu. Ninachokipenda ni kwamba wazee wa mgodi waliulizwa, wakasema hapana, na neno lao likasikiwa.

Tena katikati ya nchi hiyo, mahali palipochimbwa makaa na udongo wa kufinyangia, kulianzishwa katika miaka ya 1990 msitu mkubwa uitwao National Forest. Eneo lake ni kilomita za mraba 500 hivi. Wakati wa kuanza, miti ilifunika kama asilimia 6 tu ya eneo hilo, na sasa imepita asilimia 20. Miti zaidi ya milioni 9 imepandwa. Ardhi ile ni ya watu wengi mbalimbali, na haikuwa lazima kumfukuza mtu. Aliyekubali kupanda miti alisaidiwa kwa fedha za Serikali.

Kazi yao nayo ilikuwa na shida zake. Ardhi ya mgodi imekanyagwa na mashine kubwa mpaka ikawa ngumu kama sakafu, na mzizi haupiti. Hapana budi kuichana kwa chuma kirefu kabla ya kupanda. Na mmoja wa miti inayowafaa wazungu katika ardhi hiyo mbovu huitwa alda. Nao mti huu una vifundo vyenye vijidudu katika mizizi yake, sawasawa na mvinje wetu.

MTI SI KIINUA MGONGO

Sasa narudi kwa wale walionong'ona. Ndugu mmoja aliniambia mlangoni: "Mzee, mimi nataka fedha mkononi. Miti siwezi kuwapikia watoto."

Amesema kweli. Miti haikuwarudishia wachimba makaa wa Uingereza mishahara yao. Msitu huajiri watu wachache kuliko timbo. Kwa hivyo tajiri akija mezani na kusema, "Nitawapandia miti, nanyi mpunguze madai ya kiinua mgongo," mwambieni hapana. Mti si kiinua mgongo. Fedha ya jasho lenu ni deni moja, na ardhi iliyoharibika ni deni la pili. Deni moja halilipwi kwa jingine.

Lakini nanyi msiseme kwamba deni la pili si lenu. Vumbi la timbo limeingia katika vifua vyenu, si vya watu wengine. Nyumba zilizo kando ya shimo ni zenu. Na hakuna timbo lisilokwisha. Tazameni Kwale: madini ya mchanga yalisafirishwa kutoka kule tangu mwaka wa 2014, na mwisho wa mwaka wa 2024 uchimbaji ukasimama. Siku hiyo itafika na hapa, na mmekwisha ambiwa kwamba jiwe la hapa limebaki la miaka michache tu.

MAMBO MATANO YA KUANDIKA

Naomba kamati yenu ikienda mezani ichukue mambo haya matano, yaandikwe na yatiwe sahihi.

La kwanza, mpango wa kufunga. Sheria ya Madini ya mwaka wa 2016 inataka uwepo mpango wa kurudisha ardhi katika hali njema, na inataka dhamana ya fedha kwa kazi hiyo. Ombeni mpango huo wa timbo lenu, usomwe katika mkutano kama huu, kwa Kiswahili, mpaka kila mtu aufahamu.

La pili, udongo wa juu. Kila mahali papya panapofunguliwa, ule udongo mweusi hukwanguliwa kwanza, na mara nyingi huuzwa au hufukiwa. Uwekwe kando, usiuzwe hata lori moja. Bamburi walingoja majongoo wawafanyie udongo kwa miaka mingi. Ninyi mnao tayari, na mnautupa.

La tatu, kuta. Kuta za shimo zikatwe ziwe mteremko, mtoto akianguka aweze kupanda juu. Kazi hii ifanywe sasa, wakati mashine ziko hapa na mafuta yake yamo katika hesabu ya kazi. Mashine zikiondoka, hakuna atakayezirudisha.

La nne, kitalu. Kianzishwe mwaka huu katika pembe isiyotumika, na wanaofanya kazi humo walipwe mshahara wa mapatano kama wengine. Wale watakaopunguzwa kazini wawe wa kwanza kuajiriwa katika kitalu, na katika kupanda, na katika kulinda miche. Mche hulindwa miaka mitatu ya kwanza, la sivyo ni chakula cha mbuzi.

La tano, nalo ndilo kubwa, mwenye msitu. Sheria ya Misitu ya mwaka wa 2016 inatambua misitu ya namna tatu: ya umma, ya jamii, na ya mtu binafsi au kampuni. Wenu utakuwa upi? Nani ataokota kuni, nani ataweka mizinga, nani atalisha, na nani atasema mti upi ukatwe? Haya yaandikwe kabla ya siku ya mwisho ya kazi. Baada ya siku hiyo hamna tena meza ya kukaa pamoja na tajiri. Mimi nimeyaona.

Wala msiende kama waombaji wa zawadi. Katiba ya mwaka wa 2010 inaiagiza Serikali ifanye bidii kufikia na kudumisha miti katika asilimia 10 au zaidi ya ardhi ya nchi hii. Mnalolitaka ni jambo ambalo nchi imekwisha kujiwekea.

MIVINJE YA KANDO YA SHIMO

Namaliza. Baada ya msiba ule niliowaeleza, sisi wazee wachache tulipanda mivinje kuzunguka ukingo wa timbo letu la zamani, ili iwe ua wa kuwazuia watoto. Mara ya kwanza mbuzi waliila yote. Mara ya pili tulilinda kwa zamu, kama tulivyozoea kazini, na ikaota. Sasa imepita kimo cha nyumba. Yule baba, dereva mwenzetu, ndiye aliyeteka maji mengi kuliko sisi sote, wala hakuwahi kuniambia neno juu ya yale mapatano.

Lakini ardhi ile si yetu. Hatuna karatasi hata moja. Mwenye ardhi akitaka kuiuza mivinje ile nguzo kesho asubuhi, ataiuza, nasi tutakaa tukitazama ukingo ukibaki wazi tena. Sisi tumepanda miti bila haki. Ninyi bado mna nafasi ya kupata haki kwanza, kisha mpande.

Bwana Mwenyekiti, kalamu iko mezani. Nawaomba wanachama wasiniige mimi katika kile nilichokisahau.



(Baada ya hotuba maswali mengi yaliulizwa, zaidi juu ya udongo wa juu na juu ya kuta. Mambo matano aliyoyataja mzee yatawekwa mbele ya mkutano ujao wa tawi ili yapigiwe kura. Kila mwanachama anaombwa asome karatasi hii pamoja na jamaa zake nyumbani, na aje na shauri lake.)